Jinsi ya kusoma njia iendayo vitani: anza na risasi ya kwanza, kisha rudi nyuma

Nilikuwa nimejaza ubao sababu za vita vya Bosnia, safu mbili kama ilivyo desturi, za muda mrefu kushoto na za karibu kulia, pale msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliponyoosha mkono. "Mwalimu, wale watu walijuaje kwamba vita vimeanza?" Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kufundisha historia na sikuwa na jibu. Nikamwahidi nitalitafuta.

Nililitafuta likizo tatu mfululizo, na jibu ni kwamba hawakujua. Tarehe 5 Aprili 1992 maelfu ya watu waliandamana Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, kudai amani, Waislamu, Waserbia na Wakroatia wakitembea pamoja. Wanawake wawili waliuawa kwa risasi darajani siku hiyohiyo. Baada ya hapo mji ukaingia katika mzingiro uliodumu siku 1,425. Waandamanaji wale hawakuwa wajinga. Nadhani walijipima mioyo, wakaona hawana chuki ya kutosha kumuua jirani, na wakaamini kwamba hilo linatosha kuizuia vita.

Ndipo nikazifuta zile safu mbili. Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoitumia darasani tangu wakati huo. Inamfaa anayesoma historia, na inamfaa pia anayeitazama nchi anayoipenda akiwa na wasiwasi moyoni.

Daftari moja na swali moja

Chagua vita unavyotaka kuvielewa. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya risasi ya kwanza na mahali ilipolia. Ukurasa wa pili uwe siku moja kabla, wa tatu wiki moja kabla, kisha mwezi, mwaka, miaka kumi, na kama unaweza, kizazi kizima. Usijaze kila kitu unachokisoma. Juu ya kila ukurasa andika swali moja tu: siku hiyo, mtu wa upande dhaifu akidhulumiwa, angekwenda kwa nani?

Swali hilo ndilo kazi yote. Linakulazimisha kumtafuta mwamuzi: hakimu, askari polisi, kamanda wa jeshi, tume inayohesabu kura, ofisi inayohesabu watu, mzee wa dhehebu anayesikilizwa na pande zote mbili. Unaporudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, utawaona waamuzi wakifufuka mmoja mmoja. Siku moja kabla ya risasi hakuna aliyebaki. Mwaka mmoja kabla walikuwepo wawili. Miaka kumi kabla walikuwepo wote, ingawa baadhi yao walikuwa wagonjwa.

Chuki usiiandike kama sababu. Najua inauma kuambiwa hivyo, maana chuki ndiyo tunayoiona na kuisikia. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mataifa mengi yameishi miongo mingi chini ya mawingu ya matusi na dharau bila tone kuanguka. Jiulize badala yake: nani alishindwa hivi karibuni, mahakamani au kwenye kura, akakubali kushindwa kwa sababu aliamini kesho anaweza kushinda palepale? Jina lake liandike kwa herufi kubwa. Siku utakapokosa jina la kuandika, shtuka.

Ufini, kwa wanaodhani elimu inatosha

Wanafunzi wangu wengi walikuja wakiamini kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe ni balaa la watu wasiosoma na nchi zisizo na bunge. Kwa hiyo zoezi la kwanza nililowapa ni Ufini. Mwaka 1906, ikiwa bado chini ya Urusi, nchi ile ilimpa kila mtu mzima haki ya kupiga kura, na wanawake walipata pia haki ya kugombea ubunge. Watu walijua kusoma, vyama vilikuwa vimejipanga, magazeti yalisomwa.

Risasi ya kwanza: usiku wa 27 Januari 1918. Rudi miezi kumi. Mapinduzi ya Urusi ya 1917 yanaiangusha dola ya Tsar, na pamoja nayo polisi wa zamani wanaondoka. Ufini haina jeshi lake. Basi ukitembea mtaani usiku na ukavamiwa, unakwenda kwa nani? Wafanyakazi wakaunda walinzi wao, wenye mali wakaunda wao. Mwanzoni kila kikundi kilisema kinalinda utulivu, na sina sababu ya kuona kwamba wote walisema uongo. Tarehe 25 Januari serikali ikavitangaza vikosi vya upande mmoja, walinzi weupe, kuwa jeshi la nchi. Kwa upande wa pili, siku hiyo serikali iliacha kuwa mwamuzi. Siku mbili baadaye vita vikaanza.

Vilikwisha katikati ya Mei. Vilikula watu wapatao 36,000 katika nchi ya watu milioni tatu hivi, na wengi zaidi walikufa kwa kupigwa risasi baada ya kukamatwa au kwa njaa na maradhi makambini kuliko waliokufa wakipigana. Niliposoma takwimu hiyo kwa sauti darasani kulikuwa kimya. Nami sikutaka kukivunja kimya kile.

Mwenzako akinyolewa

Sasa tuingie katika kiini, na hapa naomba uende polepole.

Tuna methali inayotufundisha busara: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ni ushauri mzuri kwa mtu mmoja. Lakini nchi isiyo na mwamuzi ni nchi ambamo kila upande unaifuata methali hii kwa wakati mmoja. Wewe unaona jirani zako wametia maji kichwani, unaamini wembe uko njiani, unatia yako. Wao wakiona nywele zako zimelowa, wanaamini wembe umeushika wewe.

Chukua Kroatia ya 1990, ikiwa bado jamhuri mojawapo ya Yugoslavia. Waserbia wa huko, hasa kando ya mji wa Knin, walikuwa na wazee waliokumbuka mauaji ya miaka ya 1941 hadi 1945 chini ya utawala wa Ustaša, wafashisti wa Kroatia. Serikali mpya ya Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, ikarudisha alama za kale za Kroatia, ikaanza kubadilisha polisi, na Desemba 1990 ikapitisha katiba iliyowaondoa Waserbia katika nafasi ya taifa mojawapo lililoiunda jamhuri hiyo na kuwafanya wachache. Kwa Wakroatia ile ilikuwa furaha ya kuwa na nchi yao. Nao walilitazama jeshi la Yugoslavia, ambalo maafisa wake wengi walikuwa Waserbia, wakaona halitawalinda. Mwezi Agosti 1990 Waserbia wa Knin walikata magogo na kuziba barabara. Kila upande ulinunua silaha na kila upande uliita hilo kujilinda. Soma hotuba za pande zote mbili za mwaka huo: neno hilo liko kila mahali.

Kwa hiyo unaposikiliza lugha, usihesabu matusi peke yake. Sikiliza wakati wa kitenzi. Maneno ya kulalamika husema walitufanyia, wanatufanyia. Maneno yanayotangulia vita husema *watatufanyia*. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliwaita Watutsi mende, na hilo dunia inalikumbuka. Lakini iliwaambia pia wasikilizaji wake, tena na tena, kwamba hao mende wanajiandaa kuja kuwaua. Tusi humfanya mtu adharau. Ni ile hofu ya kuwahiwa inayomfanya ashike panga akiamini anaokoa watoto wake.

Kurasa za kutazama kwa makini

Kuna ukurasa ambao watu huuruka kwa sababu uko mbali sana na risasi: ule wa miaka kumi na zaidi. Marekani, ambako vita vya kaskazini na kusini vilianza kwa mizinga iliyolia kwenye ngome ya Fort Sumter tarehe 12 Aprili 1861, tafuta makanisa kwanza. Wamethodisti waligawanyika kaskazini na kusini kwa ajili ya utumwa mwaka 1844, Wabaptisti mwaka 1845. Watu waliosoma Biblia ileile na kuimba nyimbo zilezile hawakuweza tena kukaa kikao kimoja, miaka kumi na sita kabla ya vita. Vyama vya walimu, vilabu vya michezo, vyama vya wafanyakazi na majumba ya ibada hupasuka kabla ya jeshi, na mpasuko wao hauandikwi ukurasa wa mbele wa gazeti.

Kisha tazama mkosaji wa upande wako mwenyewe anatendwaje. Tarehe 22 Mei 1856 mbunge Preston Brooks wa South Carolina aliingia ukumbi wa Seneti na kumpiga kwa fimbo Charles Sumner, seneta aliyepinga utumwa, mpaka akazimia. Mahakama ilimtoza dola 300. Kura za kumfukuza bungeni hazikutosha, akajiuzulu mwenyewe, na wapigakura wake wakamrudisha. Watu walimtumia fimbo mpya kama zawadi. Kwangu mimi fimbo zile ni dalili nzito kuliko kipigo chenyewe, kwa sababu mtu mwenye hasira anaweza kutokea popote, lakini hongera zilimwambia kila mtu wa kaskazini kwamba huko kusini hakuna atakayemkemea mwenye kumpiga.

Tazama pia karatasi. Lebanon ilifanya sensa mwaka 1932 na haijafanya nyingine rasmi tangu hapo, kwa sababu viti vya bunge viligawanywa sita kwa Wakristo kwa kila vitano vya Waislamu, na kuhesabu upya kungefungua kila kidonda. Nchi inapoogopa kujihesabu, mwamuzi mmoja amekwisha kufa kimya kimya. Vita vilipoanza Beirut tarehe 13 Aprili 1975, serikali ilisita kulituma jeshi kwa hofu kwamba lingegawanyika, na mwaka uliofuata likagawanyika kweli. Dini ilikuwa imeandikwa kwenye kitambulisho, na vizuizini watu waliuawa kwa kusomwa karatasi tu. Rwanda nako vitambulisho vilionyesha kabila tangu enzi za Wabelgiji. Sri Lanka, Julai 1983, makundi yaliyochoma nyumba za Watamil yalionekana yakiwa na orodha za wapigakura mkononi. Kitambulisho na daftari la wapigakura viliandikwa ili raia atambuliwe na dola yake, halafu vikamtambulisha kwa muuaji.

Na jeshi? Hapo wengi hukosea, hata mimi nilikosea kwa miaka. Nilifundisha kwamba kuleta askari kunazuia vita. Ireland ya Kaskazini ilinirekebisha. Agosti 1969, polisi wakiwa wameshapoteza imani ya Wakatoliki, Uingereza ilipeleka askari, na katika baadhi ya mitaa ya Wakatoliki akina mama waliwatolea chai. Miaka miwili baadaye, Agosti 1971, askari walewale walivunja milango alfajiri kuwakamata watu wa kuwekwa kizuizini bila kesi, na karibu wote walikuwa Wakatoliki. Tarehe 30 Januari 1972 waliwapiga risasi waandamanaji mjini Derry, wakafa 13 siku hiyo na wa kumi na nne baadaye. Mwaka huo peke yake watu wapatao 480 waliuawa, kuliko mwaka mwingine wowote wa machafuko yale. Aliyepewa chai kama mwamuzi alikuwa amegeuka mchezaji wa upande mmoja.

Usiandike tu kwamba askari wako barabarani. Andika nani anawatolea chai, na nani ameacha.

Waliosimama katikati

Ukurasa wa wiki moja kabla na wa siku ya kwanza, andika majina ya waliouawa, kisha uliza upande wa kila mmoja. Utakuta jambo lililonikosesha usingizi nilipoliona mara ya kwanza: miongoni mwa wanaouawa mapema wamo wale ambao pande zote mbili zingeweza kuwasikiliza.

Josip Reihl-Kir alikuwa mkuu wa polisi wa Osijek, mashariki mwa Kroatia. Miezi ile ya 1991 alizunguka vijijini, akaongea na Waserbia waliosimamisha vizuizi na Wakroatia waliotaka kuvivunja kwa nguvu, akiwaomba wote waondoe magogo. Aliona hatari, akaomba ahamishiwe Zagreb. Tarehe 1 Julai 1991 aliuawa kizuizini na polisi wa akiba, Mkroatia mwenzake. Kigali, tarehe 7 Aprili 1994, saa chache baada ya ndege ya rais kudunguliwa, waliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu aliyetaka mapatano, na Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba. Yaani hakimu mkuu wa katiba alikuwa katika orodha ya asubuhi ya kwanza. Wenye kutaka mauaji walijua wazi kuliko sisi wanahistoria ni nani wa kuondoa kwanza.

Kwa hiyo ukiona mtu wa katikati anatishwa, anaitwa msaliti na watu wake mwenyewe, anaomba uhamisho, kalamu yako isisubiri. Na kama una sauti yoyote, itumie kwa ajili yake kabla ya kuitumia kuwajibu wale wa upande wa pili.

Kuhusu tukio la kuwasha moto sina mengi ya kusema. Wanafunzi hulipenda kwa sababu lina damu na tarehe. Mauaji ya mwanasiasa, basi kushambuliwa, matokeo ya uchaguzi: nchi yenye waamuzi hupata misiba kama hiyo, huzika, hushtaki, na huendelea.

Fungua daftari la pili

Hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vyetu vya shule huiacha, nami naisisitiza kuliko zote. Usisome nchi zilizopigana tu. Fungua daftari la pili kwa zile zilizofika ukingoni zikarudi, na ulijaze kwa swali lilelile.

Kenya, mwisho wa 2007. Wapinzani walikataa kwenda mahakamani wakisema mahakama ni ya rais, na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi mwenyewe akasema siku chache baada ya kutangaza matokeo kwamba hajui kama aliyemtangaza ndiye aliyeshinda. Jibu la swali letu lilikuwa hakuna, na zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwamuzi ilibidi aagizwe kutoka nje: Kofi Annan alikaa na pande mbili mpaka zikatia saini tarehe 28 Februari 2008. Ninachotaka ukiandike kwa makini ni kilichofuata. Mwaka 2010 ikaja katiba mpya, majaji wakachunguzwa mmoja mmoja, ikaundwa Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ikafuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Mwaka ule nao ulikuwa na vifo na mgomo wa kura, siupambi. Lakini waliosema mwaka 2007 kwamba hawana pa kwenda walikwenda, na jaji akawasikiliza.

Ukurasa ninaourudia mara nyingi zaidi katika daftari hili una tarehe mbili, na nimeziweka pamoja makusudi.

Ya kwanza ni 13 Julai 1936, Madrid, Hispania. Usiku uliotangulia Luteni José Castillo wa polisi, mtu wa mrengo wa kushoto, alikuwa ameuawa mtaani. Wenzake wakapanda gari la polisi, wakaenda nyumbani kwa José Calvo Sotelo, mbunge mkubwa wa upinzani wa kulia, wakamtoa kitandani, wakampiga risasi ndani ya gari hilo. Majenerali walikuwa wakipanga uasi tangu mapema, ila sasa waliosita walipata sababu. Siku nne baadaye askari waliasi Melilla, na vita vikaendelea hadi 1 Aprili 1939.

Ya pili ni 10 Aprili 1993, Afrika Kusini. Chris Hani, kiongozi aliyependwa na vijana waliokuwa tayari kupigana, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake na mhamiaji mzungu kutoka Poland. Mazungumzo ya kuumaliza ubaguzi yalikuwa yananing'inia. Siku zilezile Nelson Mandela, ambaye hakuwa rais bado, alizungumza na nchi kwenye televisheni. Alisema mzungu mwenye chuki ndiye aliyefanya unyama huo, na kwamba mwanamke mzungu, Mwafrikana, alihatarisha maisha yake ili muuaji ajulikane. Mwanamke huyo alikuwa jirani. Aliliona gari, akashika namba yake, akapiga simu polisi, nao wakamkamata muuaji muda mfupi baadaye. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Aprili mwaka uliofuata.

Madrid, polisi walikuja na gari lao kuua. Afrika Kusini, polisi walipigiwa simu na mtu wa upande wa muuaji, wakafuata gari. Siku ninapowapa wanafunzi ukurasa huu huwa sisemi kitu. Nawaachia daftari, nao wanaandika.